Nimemkuta mkwe kwenye kikao cha kuacha pombe

Yaya, salamu nyingi kutoka Katuba.

Nina miaka 46, nimeolewa, nina watoto watano. Kazi yangu ni unga. Ninakwenda Kasumbalesa mara mbili kwa juma, ninanunua unga wa mahindi unaotoka Zambia, ninauza Lubumbashi kwenye depo yangu ndogo, kwa mfuko au kwa kadogo. Mume wangu anafanya kazi Kolwezi na anarudi kila baada ya majuma mawili. Kanisani niko kwenye kwaya, sauti ya pili. Ninakueleza haya ili ujue kwamba ukikutana nami njiani hutanidhania.

Ninakunywa. Nilianza miaka sita iliyopita, usiku wa kungoja makamyo mpakani. Baridi ya mwezi wa saba unaijua. Wenzangu walinipa sashe moja ya wiski, ile ndogo unayoipasua kwa meno, wakasema ni dawa ya baridi. Kweli, baridi ilikwisha. Baadaye ikawa dawa ya uchovu, ya madeni, ya kelele za watoto. Mwaka jana nilikuwa ninafika sashe nane, kumi kwa siku, na zikikosekana ninamtuma mtoto wa jirani aniletee lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, kwenye chupa ya maji, eti ya kumsugulia mama mkwe miguu. Sashe tupu nilizificha ndani ya mifuko ya unga iliyokwisha, ile inayongoja kuuzwa kwa wafuga kuku.

Binti yangu wa kwanza ndiye aliyezikuta. Hakupiga kelele. Alizipanga mezani kumi kumi, kama ninavyopanga noti jioni nikifunga hesabu, akaniachia hapo, akaenda kulala. Ana miaka 24. Mwezi wa tatu alileta mchumba nyumbani, na usiku uleule akaniambia: “Mama, kwenye ndoa yangu sikuombi sahani wala kikwembe. Nakuomba usinywe.”

Mchungaji aliniombea siku tatu za kufunga. Jumapili nilisimama mbele nikatoa ushuhuda kwamba nimefunguliwa, watu wakapiga vigelegele. Siku ya kumi na moja nilikuwa Kasumbalesa na sashe mdomoni. Nikajaribu tena peke yangu, nikajifungia chumbani. Usiku wa pili mikono ilitetemeka hata kufunga kikwembe nikashindwa. Usiku wa tatu niliona siafu wakipanda pazia, nikasikia kwaya yetu ikiimba juu ya bati. Wifi yangu akasema kuna mtu ananifanyia kitu, wakaja wamama wa maombi. Alfajiri nilikunywa lutuku kidogo, kwa siri. Siafu wakaondoka.

Muuguzi mmoja wa karibu nasi ndiye aliyenisaidia. Alinipa dawa, akawa anakuja asubuhi kunipima presha, kwa juma zima. Halafu akaniambia kuna kikundi cha watu wanaoacha pombe, wanakutana kila Alhamisi saa kumi na moja jioni katika chumba cha parokia moja, mbali na kwetu. Wanafuata zile hatua 12 za Alcooliques Anonymes, ushirika wa walevi wanaosaidiana kuacha. Nilizunguka ule ukuta wa parokia mara tatu kabla ya kuingia. Mlangoni kuna bibi mmoja anayepika chai ya tangawizi. Alinishika mkono bila kuuliza kitu, akanimiminia nusu kikombe, akanionyesha kiti. Kulikuwa na watu tisa, wanaume watupu, mwanamke ni mimi peke yangu. Umeme ulikatika, tukakaa kwa taa za simu. Kila mmoja anasema jina lake moja tu, anasema “mimi ni mlevi”, anaeleza kidogo, wengine wananyamaza. Ilipofika zamu yangu nilisema: “Leo nimekuja tu.” Wakasema asante. Nililia ndani ya basi mpaka nyumbani.

Nimekwenda mara saba. Leo ni siku 52 sijanywa. Mume wangu na watoto wanajua kwamba Alhamisi ninakwenda likelemba, mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu.

Sasa sikia. Alhamisi ya juma lililopita tulikuwa tumeanza, mlango ukafunguliwa, akaingia mzee ameshika kofia mkononi. Ni baba wa mchumba wa binti yangu. Mtu mzima, mstaafu, mzee wa kanisa. Aliniona, nikamwona, nikatazama sakafu. Si mgeni pale, walimsalimu kwa jina kama mtu aliyekuwa safarini. Zamu yake ilipofika alisema ana miaka minne bila kunywa, kisha akaeleza mambo ya nyumba yake. [Hapa nimeondoa mistari sita. Yaya.] Katika hayo aliyoyasema kuna jambo linanifanya nimwogopee binti yangu.

Jumapili wakaja kwetu kuchukua orodha ya mahari. Suti ya baba, kikwembe cha mama, mbuzi wawili, kazie (kreti) kumi za bia. Mzee alinisalimu kama mtu ambaye hatujaonana tangu mwezi wa tatu. Shemeji yangu akafungua chupa ya kwanza, akasema mama wa binti lazima aonje, ndiyo desturi. Nilipeleka glasi mdomoni nikajifanya. Povu lilinigusa mdomo wa juu. Mzee alisema ana presha, akapewa soda. Alikuwa akinitazama.

Yaya, nimechoka. Nikirudi Alhamisi, nitamtazamaje mkwe wangu usoni? Akisema neno moja kwake, ndoa ya mtoto imekwisha, na mimi jina langu ni “yule mama mlevi”. Nikiacha kikundi, labda ni sawa, siku 52 si kidogo, sasa naweza mwenyewe. Nimwambie mume wangu? Nimwambie binti anaingia nyumba ya namna gani? Na mchungaji: nikikaa pale nikisema “mimi ni mlevi” baada ya kushuhudia kwamba nimefunguliwa, si ninamfanya Mungu mwongo?

Mama Unga, Katuba

YAYA ANAJIBU

Mama Unga, barua yako niliisoma mara mbili nikiwa nimesimama. Mara ya tatu nilivuta kiti.

Nianze na ile mistari sita. Uliniandikia aliyoyasimulia mzee, na mimi nimeyatoa. Sikuyatoa kwa sababu ni mabaya. Ni yake, aliyasema katika chumba ambamo watu wameahidiana, na ahadi hiyo inakulinda wewe pia. Nimebadilisha mambo mengine madogo ili jirani yako asikujue: Katuba huenda si Katuba, na watoto huenda si watano. Nakuambia ili usome ukiwa na amani.

Umeniuliza maswali matano, na yote yamekuja kwa mkupuo kama mifuko inayoanguka kutoka kwenye kamyo. Nitayaokota moja moja, si kwa mpangilio wako.

La siafu kwanza, kwa sababu linaweza kuua. Mwili uliozoea pombe kila siku kwa miaka, ukinyimwa ghafla, unashtuka. Mtetemeko na jasho huanza saa chache baada ya kinywaji cha mwisho, siku hiyohiyo au kesho yake. Degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza. Na kati ya siku ya pili na ya nne, baadhi ya watu wanaanza kuona wadudu ukutani, kusikia sauti, kuchanganyikiwa, moyo ukienda mbio. Madaktari wetu wanaiita kwa jina lake la Kilatini, delirium tremens, na bila matibabu watu wanakufa kwayo. Wifi yako hakuwa mjinga. Mtu anayesikia kwaya juu ya bati, wengi wetu tungemtafutia mchawi wake. Lakini uliona mwenyewe: lutuku kidogo, siafu wakaondoka. Mchawi gani anafukuzwa na lutuku? Muuguzi wako alifanya kazi nzuri, na ninaomba aendelee kukufuata. Ikitokea umerudi kunywa kwa siku nyingi, Mungu apishe mbali, usijifungie tena chumbani. Nenda penye daktari. Hapa Lubumbashi kuna kituo cha Dr Joseph Guislain, cha watawa wa Frères de la Charité, kinachotibu magonjwa ya akili. Najua mjini wanasema ni “kwa vichaa”. Waache waseme. Dawa za kutuliza mwili siku hizo za kwanza na vitamini B1 havina aibu yoyote.

Sasa mzee mwenye kofia.

Unaandika kana kwamba yeye ana kisu na wewe una shingo. Nilipokuwa nikisoma nilijiuliza: na yeye, alipofungua mlango akakukuta, aliona nini? Aliona mama wa mkwewe mtarajiwa, mtu ambaye akisema neno moja nyumbani kwake, uzee wake wa kanisa unatikisika. Akaketi hivyo hivyo. Zamu yake ilipofika angeweza kusema “leo nimekuja tu”, kama ulivyosema wewe siku ya kwanza. Hakusema hivyo. Alieleza yote mbele yako. Sijui moyo wake, na wewe hujui, lakini huyo simsomi kama mtu anayetafuta kukuumbua.

Hapo hapo, sitaki kukudanganya. Hofu yako ina msingi. Mwanamume akilewa, mtaa unacheka, wanamwita kwa jina la utani, kesho wanakunywa naye. Mwanamke akilewa, wanamwita malaya, wanauliza watoto ni wa nani. Yeye na wewe mnabeba siri moja, lakini uzito si mmoja. Hata huko Marekani vikundi hivi vilikoanzia, miaka ya mwanzo wanawake walikuwa wachache mno. Marty Mann, mmoja wa wanawake wa kwanza humo, alipoingia kikundi cha New York mwaka 1939 aliwakuta karibu wote ni wanaume, na alipata kazi kubwa kuwaaminisha watu kwamba mwanamke anaweza kuwa mgonjwa wa pombe na bado akawa mtu mwenye heshima zake. Halafu kuna jambo la mwili: kinywaji kilekile kinamlemea mwanamke zaidi, kwa kuwa mwili wake kwa kawaida una maji machache ya kukizimulia. Kwa hiyo usijilinganishe na glasi za shemeji yako.

Naomba tutenganishe maneno mawili ambayo katika barua yako yamekaa nyumba moja: siri na kificho. Siri ina watu ndani yake, wamekubaliana kulinda kitu. Kificho ni mahali unapojiweka mwenyewe, peke yako, ukaziba mlango. Mfuko mtupu wa unga wenye sashe ndani kilikuwa kificho. Kile chumba cha Alhamisi ni siri. Pombe, kwa jinsi ninavyoiona katika barua zinazonifikia, inaishi vizuri sana kwenye kificho. Sasa likelemba yako ya uongo, mama yangu, iko upande gani? Sikulaumu. Nauliza tu, na nacheka kidogo, kwa sababu likelemba ina zamu: siku moja mume wako atauliza ya kwako ya kupokea iko lini.

Umesema siku 52 zinatosha, sasa unaweza mwenyewe. Labda. Lakini hebu zihesabu kama binti yako alivyozihesabu zile sashe. Juma la kwanza muuguzi alikuwa mlangoni kila asubuhi. Kila Alhamisi kuna viti kumi. Siku gani kati ya hizo 52 ulikuwa mwenyewe? Ulikuwa mwenyewe mara moja, ukaona siafu.

Mwanzo wa vikundi hivi ulikuwa wa mtu aliyeogopa kubaki mwenyewe. Bill Wilson, mtu wa biashara za hisa kutoka New York, alikuwa na miezi mitano bila kunywa. Mwezi wa 5 mwaka 1935 alikuwa Akron, katika jimbo la Ohio, dili lake limevunjika, amesimama kwenye ukumbi wa hoteli, anasikia vicheko vya watu baa. Akaenda kwenye simu. Hakutafuta daktari wala askari. Alianza kupigia makanisa ya mji huo akiuliza kama kuna mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Hivyo ndivyo alivyofikishwa kwa Dr Bob Smith, daktari wa upasuaji aliyekuwa akinywa kupita kiasi. Bob alikubali kumpa dakika 15. Walikaa saa zaidi ya sita. Na bado, majuma machache baadaye Bob alisafiri, akanywa, akarudi hoi. Asubuhi ya tarehe 10 Juni alikuwa na mgonjwa wa kumpasua, mikono inatetemeka, na Bill mwenyewe akampa bia moja ya kuituliza mikono ile. Ilikuwa bia yake ya mwisho, na tarehe hiyo ndiyo wanayoihesabu kama siku ya kuzaliwa kwa Alcooliques Anonymes. Nakusimulia hili kwa sababu mbili. Wa kwanza wao alianguka njiani, na hawakumfuta. Na kikundi cha kwanza kilikuwa watu wawili.

Hiyo ya pili ina matumizi kwako. Desturi yao inasema walevi wawili au watatu wakikutana kwa ajili ya kuacha kunywa, tayari ni kikundi. Kwa hiyo kama kukaa chumba kimoja na mkwe hakuwezekani, kuna njia nyingine. Unaweza kumuuliza anayeongoza kikao kama anajua kikundi cha siku nyingine, au cha wanawake. Unaweza kujiunga na vikao vya Kifaransa vinavyofanyika kwa simu na intaneti. Hilo ni jema kwa usiku wa Kasumbalesa, ila mtandao ukikatika umebaki na giza lako, na simu haimshiki mtu mkono. Unaweza kumtafuta mwanamke mmoja mkaketi wawili, lakini wawili wote wakiwa wapya, mmoja akiteleza mwingine ana hatari ya kumfuata. Kila njia ina tundu lake.

Au unarudi palepale. Ukirudi, yafaa neno lisemwe kati yenu, hata dogo, kwa kuwa ule ukimya wa Jumapili umeshaanza kuota mizizi. Najua heshima ya ukwe. Huwezi kumvuta mzee pembeni kama mchuuzi mwenzako. Lakini ndoa zetu zimezoea mtu wa kati, na kikundi nacho kina mtu huyo. Muombe kiongozi wa kikao awaketishe dakika tano, useme jambo moja: “Baba, ya hapa ni ya hapa.” Akijibu vizuri, mzigo unapungua. Hatari ipo: anaweza kuona aibu akaacha kuja, na hilo lingekuumiza. Anaweza pia kutaka kukupa mawaidha ya kikubwa, baba mkwe kwa mama mkwe. Hapo una haki ya kusema mwalimu wako utamchagua mwenyewe. Na kwa kawaida, mtu wa kukusindikiza katika hatua zile, wale wa Kifaransa wanamwita parrain au marraine, mwanamke huchagua mwanamke.

Binti yako. Hapa nilikaa muda mrefu. Unaona unamficha jambo kuhusu nyumba anayoingia. Lakini yale ya mzee ni ya miaka ya nyuma, na ni ya mzee, si ya kijana. Ukiyatoa, utakuwa umetumia mlango wa watu waliokupokea. Usipoyatoa, utalala macho. Nakuuliza hivi: huyo kijana mwenyewe umemwonaje? Anaposhindwa kwenye mpira, anapokosa hela, anapoambiwa hapana mbele ya watu, anafanya nini? Hayo unaweza kuyatazama bila kuvunja siri ya mtu, na binti yako unaweza kumfundisha kuyatazama. Kama kungekuwa na hatari ya sasa, mtu anapigwa leo, ningezungumza vingine, maana uhai unatangulia ahadi. Katika mistari sita ile sikuiona hatari ya leo. Soma tena ulichoandika, ukiwa umetulia, uone kama wewe unaiona.

Na kuna habari nyingine ya binti huyo ambayo ni yako kabisa. Alikuomba kitu kimoja. Anajua kwamba una siku 52? Au naye anadhani ni likelemba?

Mume wako simjui, umemwandikia sentensi moja tu. Sijui akinywa anakunywaje, wala akikasirika anakasirikaje, na hayo ndiyo yanayoamua. Kuna waume wakisikia wanafunga depo, wanachukua hela ya mke, wanasema “kumbe ndiyo maana biashara haiendi”. Kuna wengine wanashusha pumzi, kwa sababu walikuwa wananusa miaka yote na kunyamaza. Ukiamua kumwambia, usichague ile jioni anayoshuka kutoka Kolwezi na vumbi lake. Usianze na sashe, anza na siku 52. Na kama unamwogopa kwa maana ya kumwogopa, basi mwambie mtu mwingine kwanza, muuguzi kwa mfano, ili ujue pa kulala usiku huo. Vikundi vya ndugu wa wanywaji navyo vipo, vinaitwa Al-Anon. Vilianzishwa 1951, na mmoja wa waanzilishi ni Lois, mke wa Bill yule wa hotelini. Hata mke wa mwanzilishi alihitaji mahali pake pa kukaa.

Kuhusu Mungu na neno “mlevi”. Kwa Kiswahili neno hilo lina tusi ndani yake, ndiyo maana linakukwama kooni. Pale chumbani wanalitumia kama jirani yako anavyosema “nina sukari”: mwili wangu na kitu hiki havipatani, nikisahau nitaumia. Hakuna anayekulazimisha kulisema. Sharti lao la kuingia ni moja tu, hamu ya kuacha kunywa. Ulisema “leo nimekuja tu” na walikushukuru. Na hatua zile zenyewe zinamtaja Mungu waziwazi, zikamwachia kila mtu amwelewe anavyomwelewa. Waanzilishi walitoka katika mikutano ya Wakristo waliokuwa wakiungamiana, kama barua ya Yakobo sura ya 5 inavyotaka. Mchungaji wako anaifahamu sura hiyo. Nilichojiuliza mimi ni kama Jumapili ile ulishuhudia kwa sababu ulikuwa umefunguliwa, au kwa sababu watu walikuwa wanangoja ushuhuda. Hujalazimika kunijibu. Lakini kumwambia mchungaji, ofisini, mlango ukiwa umefungwa, “Baba, ninaendelea kufunguliwa,” sidhani kama kunamfanya Mungu mwongo.

Bia ya mahari imebaki. Povu lile mdomoni lilinitisha kuliko mzee. Kazie kumi zinakuja, na watu hawatakubali ujifanye mara ya pili. Desturi inataka mama aonje, na katika familia nyingi ukiuliza wazee wataona neno kubwa ni kupokea, si bia. Shangazi mmoja akiambiwa mapema anaweza kukumiminia kitu kingine. Munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, wa asubuhi hiyohiyo ni mzuri na una heshima ya kwetu. Wa siku tatu uuache, umeshachachuka una kilevi. Presha ya mzee nayo unaweza kuiazima, ni kubwa inatosha watu wawili.

Kasumbalesa unakwenda bado mara mbili kwa juma, na umeandika hilo kama jambo la kupita. Zile sashe kule Zambia waliziita tujilijili, na serikali yao ilizipiga marufuku mwaka 2012, lakini wewe unajua zaidi yangu kinachouzwa usiku mpakani. Nani analala karibu nawe ukingoja kamyo? Kuna anayejua kwamba umeacha? Fikiri kama binti au kijana wa depo anaweza kukusaidia safari moja kati ya hizo mbili, angalau miezi hii ya baridi.

Mwisho, kitu kimoja katika barua yako hakiniachii. Umeandika kwamba mwanamke pale ni wewe peke yako. Mstari mmoja kabla ya hapo kuna bibi mlangoni. Umemhesabu kama mpika chai. Alikushika mkono bila swali, na mgeni wa siku ya kwanza akammiminia nusu kikombe, wakati kwetu mgeni anajaziwa mpaka kinamwagika. Mikono yako ilikuwa bado inatetemeka siku ile, sivyo? Kikombe kilichojaa kingekuaibisha mbele ya wanaume tisa. Ni nani aliyemfundisha bibi yule kipimo hicho?

Alhamisi ukipita pale mlangoni, hata kama hutaingia ndani, muulize jina lake.

Yaya